Kibodi ya vitufe 48 inapokusumbua: dalili na dawa kwa anayechapa Kiswahili na Luganda

Kibodi ndogo ya ortholinia haina mstari wa namba, haina F1 hadi F12, na mara nyingi haina hata kitufe chake cha Delete. Vitufe vimesimama juu ya vingine bila kupishana, kama mashimo ya ubao wa omweso, ila safu mlalo zake nne zina nafasi 12 badala ya 8. Inayojulikana zaidi ni Planck, iliyobuniwa na Jack Humbert: vitufe 48, au 47 ukiweka spesi ndefu inayokula nafasi mbili. Chochote kilichokosa nafasi juu kimehamishiwa kwenye matabaka, yaani mipangilio ya ziada inayofunguka ukishikilia kitufe fulani, na matatizo huanzia hapo. Kitufe kikikosea, huwezi kujua papo hapo kama mkosaji ni swichi, tabaka, muda wa kidole chako au kompyuta yenyewe.

Maelezo haya yanafuata QMK, famuwea huria (programu inayokaa ndani ya kibodi yenyewe) ambayo bodi nyingi za aina hii huitumia. Mifano nimeichukua kwa sisi wa Kampala tunaochapa Kiswahili, Luganda na Kiingereza katika siku moja. Muda na mipangilio inayopendekezwa huko nje imepimwa kwa vidole vya watu wanaochapa Kiingereza. Silabi zetu hugonga mahali pengine, na hitilafu nyingi ambazo watu huzipeleka kwa fundi hutokana na hilo tu.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja

Chomeka kibodi kwenye simu ya Android kwa adapta ya OTG, ile ndogo inayouzwa kila duka la vifaa vya simu. Fungua ujumbe mtupu uchape. Kama tatizo limepotea kwenye simu, kibodi ni nzima. Hangaika na kompyuta. Kama limekufuata, jiulize jambo la pili: kitufe hicho kinakosea kwenye matabaka yote au kwenye tabaka moja tu? Swichi iliyokufa imekufa popote. Kitufe kinachotoa P vizuri lakini kikakataa kutoa 0 ukishikilia Raise (kitufe kinachofungua tabaka la namba) hakina ubovu wowote wa umeme. Ni mpangilio wako.

Maswali hayo mawili yatakuepusha na kulehemu bila sababu. Ukitaka kuona kwa macho kila kitufe kinatuma nini, VIA, programu ya kupanga vitufe, ina ukurasa wa kuvipima, na kwenye Linux ipo amri ya `xev`.

Unabonyeza @ inatoka alama ya kunukuu. Unabonyeza # inatoka £

Kompyuta imewekwa mpangilio wa Uingereza, na famuwea yako inadhani iko Marekani. Kibodi haitumi herufi. Hutuma namba ya kitufe, kisha mfumo wa kompyuta ndio unaoamua namba hiyo ni alama gani. Kompyuta nyingi hapa kwetu zimewekwa Kiingereza cha Uingereza, hasa za ofisini, kwa hiyo dalili hii utakutana nayo mapema.

Njia fupi ni kubadilisha mpangilio wa kompyuta uwe wa Marekani. Kama kompyuta ni ya ofisi na huruhusiwi kugusa mipangilio, rekebisha upande wa kibodi: ongeza `#include "keymap_uk.h"` kwenye faili la mpangilio, kisha tumia majina kama `UK_AT`, `UK_HASH` na `UK_DQUO`. Mkwaju wa nyuma (\) ndio unaosumbua kuliko vyote, kwa sababu kwenye mpangilio wa Uingereza `KC_BSLS` hutoa # badala yake. Unayemtaka ni `KC_NUBS`, kitufe ambacho bodi ya 4 kwa 12 haina mahali pake, kwa hiyo kipe nafasi kwenye tabaka.

Ng'ombe anakuwa ngómbe

Hapa watu huamini kibodi imerogwa. Unachapa n, g, alama ya ritifaa, na hakuna kinachoonekana. Unachapa o, inatokea ó. Kompyuta imewekwa mpangilio wa Marekani wa kimataifa, ambao hufanya ritifaa isubiri irabu inayofuata ili iivike kofia. Anayechapa Kiingereza huenda asigundue kwa muda mrefu, maana ritifaa yake mara nyingi hufuatwa na s au t. Sisi tuna ng'oa, ng'ambo, ng'ang'ania. Ondoa mpangilio huo wa kimataifa, ubaki na wa Marekani wa kawaida.

Tukiwa kwenye ritifaa: wengi wanaopunguza vitufe huipeleka kwenye tabaka la pili ili wapate nafasi ya kitu kingine. Kwa Kiswahili, usifanye hivyo. Kwetu ritifaa ni sehemu ya tahajia, si pambo. Kama unatafuta cha kuhamisha, anza na mabano ya mraba na alama ya usawa. Q na X nazo zinashawishi kwa kuwa alfabeti ya Kiswahili sanifu haizihitaji, lakini nywila na Kiingereza vitazidai kila siku, kwa hiyo ziache zilipo.

Unaandika "kwa", kichupo cha kivinjari kinajifunga

Au unaandika "kama", maandishi yote yanakuwa ya bluu, na herufi inayofuata inafuta ukurasa mzima. Sehemu hii nitaikalia, kwa sababu hakuna mwongozo niliouona unaoitaja.

Wenye kibodi ndogo hupenda kuweka vitufe vya kazi mbili kwenye mstari wa kati: ukigusa unapata herufi, ukishikilia unapata Ctrl, Alt, Shift au kitufe cha Windows. Mpangilio uliozoeleka huweka Windows kwenye A, Alt kwenye S, Ctrl kwenye D na Shift kwenye F, kisha kulia hurudi kinyume: Shift kwenye J, Ctrl kwenye K, Alt kwenye L na Windows kwenye nukta mkato. Sasa angalia K. Ni Ctrl. Ctrl na W hufunga kichupo cha kivinjari. Ctrl na A huteua kila kitu. Hebu hesabu ni mara ngapi aya moja ya Kiswahili ina "kwa", "kwamba", "kwenda", "katika", "kazi", "kama". Luganda nayo haikuponyi: okwagala, okwogera, na jina la Kampala lenyewe.

Kinachotokea ni hiki. K inashuka. Baada ya milisekunde 70 hivi W inashuka. Kwenye 120 W inapanda, na kwenye 140 K inapanda. Kidole cha K kilichelewa kidogo kuondoka, jambo la kawaida kwa anayechapa haraka. Famuwea inaona W imebonyezwa na kuachiwa K ikiwa bado chini. Kama umewasha `PERMISSIVE_HOLD`, hiyo ndiyo tafsiri kamili ya kushikilia: Ctrl+W, kwaheri. Kama umewasha `HOLD_ON_OTHER_KEY_PRESS` ni vibaya zaidi, maana haisubiri hata W iachiwe. Kama hukuwasha chochote, kinachoamua ni muda peke yake: ukishikilia K kupita `TAPPING_TERM`, ambao kwa kawaida ni milisekunde 200, imekuwa Ctrl. Hapo anayeumia ni anayechapa polepole huku akifikiri.

Dawa zipo kadhaa, na hazilingani nguvu.

Ya kwanza ambayo kila mtu atakuambia ni kuongeza muda, mathalani `#define TAPPING_TERM 250`. Inasaidia, lakini inafanya Ctrl yako halisi iwe nzito, na utaanza kulalamikia hilo.

Ya pili ni `CHORDAL_HOLD`, ambayo hukataa kushikilia ikiwa vitufe vyote viwili ni vya mkono mmoja. Ni nzuri, na kwa Kiingereza huokoa mengi. Kwetu haigusi kiini cha tatizo: K ni ya mkono wa kulia, A na W ni za kushoto. "Ka" na "kwa" hupita mlangoni bila kuulizwa. Itakusaidia kwenye "ji", "ki", "ku", ambazo ni za mkono mmoja, na hapo inafaa kuiwasha.

Ya tatu ni `FLOW_TAP_TERM`, iliyoingia QMK mwaka 2025. Ukiweka, tuseme, 150, kitufe cha kazi mbili kinachobonyezwa ndani ya milisekunde 150 tangu kitufe kilichotangulia huhesabiwa kuwa kimeguswa tu. Unapochapa kwa mwendo, "kwa" ya katikati ya sentensi inapona, hata ile inayofuata spesi. Haiponi ile inayofuata kituo. Na sentensi zetu ngapi huanza na Kwa, Kama, Katika, Kila, baada ya kutua na kufikiri? Nyingi mno.

Ya nne ndiyo ninayoipendekeza: toa Ctrl kwenye K kabisa. Ipeleke kwenye nukta mkato, `RCTL_T(KC_SCLN)`. Nukta mkato hatuigusi mara nyingi, na tukiigusa hufuatwa na spesi, si W wala A. Kidole kidogo cha kulia kinashikilia, mkono wa kushoto unabonyeza A, C, V, X, Z au W kwa raha. Waandishi wa programu watauliza: na nukta mkato inayofuatwa na Enter je? Kwenye bodi hizi Enter kwa kawaida iko mkono huo huo wa kulia, kwa hiyo hapo `CHORDAL_HOLD` inafanya kazi yake.

Shift kwenye J na F ina ugonjwa wa ukoo huo huo, ila dalili ni tofauti: herufi ya kwanza inamezwa na ya pili inakuwa kubwa. "Jana" inakuwa "Ana", "fika" inakuwa "Ika". Ukiona majina ya watu yamejitokeza katikati ya barua usiyoyaandika, sababu ni hiyo.

Nami nina maoni yangu: kama bodi yako ina vitufe 48, achana na mtindo huu. Safu ya chini ya Planck ina nafasi za Ctrl, Alt na Windows upande wa kushoto kabisa. Mtindo wa mstari wa kati unawafaa zaidi wenye vitufe 36 au pungufu, wasio na pa kwenda.

Unapoandika namba, herufi inayofuata inapotea

Chukua NIN, namba ya kitambulisho cha taifa: alama 14, herufi na tarakimu zimechanganyika. Mtu wa kuchapa fomu kule Nasser Road huandika nyingi kwa siku. Unashikilia Raise kwa kidole gumba, unapiga tarakimu, unaachia, unapiga herufi. Mara herufi haitokei, au kinatokea kitu cha ajabu kama F5 na ukurasa unajipakia upya, fomu yote imefutika.

Gumba lilichelewa kuachia. Herufi iliangukia bado uko kwenye tabaka la namba, na pale chini yake kuna `KC_NO`, yaani utupu, au kuna kitufe cha F. Usijifunze kuachia haraka, rekebisha tabaka. Kila nafasi ambayo huitumii kwenye tabaka la namba iwekee `KC_TRNS`, ambayo huruhusu tabaka la chini lionekane. Gumba likichelewa, herufi bado inatoka. Vitufe vya F vipe tabaka lao la tatu, lile linalopatikana kwa kushikilia Lower (pacha wa Raise, kushoto kwa spesi) na Raise pamoja, ambalo kwenye Planck huitwa Adjust. Hakuna anayehitaji F5 kwa haraka kiasi cha kuiweka karibu na namba.

Kama unaingiza tarakimu tupu kwa muda mrefu, namba za simu za wateja kwa mfano, weka pia `TG` ya tabaka hilo mahali fulani: unabonyeza mara moja, tabaka linabaki wazi hadi ubonyeze tena.

Umenasa kwenye tabaka, kutoka huwezi

Ulitumia `TG` au `TO` (kitufe cha kuhamia tabaka jingine), na kwenye tabaka ulilofikia hakuna kitufe cha kurudi. Chomoa waya uchomeke tena. Utarudi tabaka la chini. Kisha weka njia ya kutoka. Kwa `TG`, nafasi ile ile kwenye tabaka la juu iwe `KC_TRNS`, ili kitufe kile kile kilichowasha kizime. Kwa `TO` lazima uandike mwenyewe `TO(0)`.

Kuna ndugu yake: uko tabaka la 2, unashikilia `MO(1)`, hakuna kinachobadilika. QMK husoma matabaka kuanzia namba kubwa kushuka. Tabaka la 1 limewaka kweli, lakini la 2 liko juu yake limelifunika. Panga matabaka yako ili siku zote uwe unapanda namba, kamwe usishuke.

Ghafla S inatoa R, D inatoa S

Umehamia Colemak bila kujua. Mpangilio wa kiwanda wa Planck una vitufe vya kuchagua Qwerty, Colemak na Dvorak kwenye tabaka la Adjust, na uchaguzi huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya bodi, kwa hiyo kuchomoa waya hakusaidii. Rudi Adjust ubonyeze kitufe cha Qwerty. Alt na Windows zikibadilishana nafasi, msababishi ni jirani yao pale pale, `AG_SWAP`, na dawa yake ni `AG_NORM`. Baada ya hapo, vifute vitufe hivyo kwenye mpangilio wako kama huvitumii. Vinangoja tu kidole kingine kiteleze.

Ulitaka alama ya mshangao, umepata 1

Vitufe vya kazi mbili hukubali namba za msingi tu. `KC_EXLM` ndani yake ni Shift na 1, na ile Shift hukatwa njiani. Weka alama hiyo kwenye kitufe cha kawaida ndani ya tabaka, au andika msimbo wako mwenyewe wa kuikamata.

Michanganyiko na kugusa mara mbili vinavyojiwasha vyenyewe

Ukibonyeza vitufe viwili pamoja upate cha tatu, famuwea hungoja milisekunde 50 (`COMBO_TERM`) ione kama cha pili kinakuja. Shida ni pale jozi hiyo ikiwa silabi halali. W na E ni jozi rahisi kwa vidole, lakini "wewe", "mwezi" na "wengi" zitaiwasha. I na O zitakutana kwenye "ndio". M na N kwenye "mno" na "mnyama". Chagua konsonanti zisizoshikana katika Kiswahili wala Luganda: J na K, S na D, D na F, X na C. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kupenda irabu baina ya konsonanti, basi tumia nafasi hiyo.

Kitufe cha kugusa mara mbili usikiweke kwenye herufi yoyote ya kawaida. Kiswahili kina saa, maana, baada. Luganda huanza maneno kwa konsonanti pacha: ssente, ddala, jjajja. Ukiweka kazi ya pili kwenye S iliyoguswa mara mbili, ssente zako utazikosa.

Unataka ŋ, inatoka u014b

Chipu imetuma mfululizo wa kuandika alama ya Unikodi, lakini mfumo wa kompyuta haukuuelewa, ukauandika jinsi ulivyo. QMK inapaswa kujua iko kwenye mfumo gani. Kwenye Linux hutegemea IBus, kwa hiyo hakikisha inafanya kazi. Kwenye Windows unahitaji programu ya WinCompose. Kwenye Mac unachagua chanzo cha maandishi kiitwacho Unicode Hex Input. Herufi ndogo ni `UC(0x014B)`, kubwa ni `UC(0x014A)`. Ukihama kompyuta ya mfumo mwingine, badilisha na hali ya Unikodi ya kibodi, la sivyo tatizo linarudi.

Umebadilisha mpangilio, umepakia famuwea, hakuna kilichobadilika

Kama umewahi kutumia VIA au Vial, mpangilio unaosomwa ni ule uliohifadhiwa kwenye EEPROM (kumbukumbu ya kudumu) ya bodi, si ule uliouandika kwenye faili. Futa EEPROM: kwa kitufe cha `EE_CLR`, au kwa kushikilia kitufe cha kona ya juu kushoto huku ukichomeka waya, ikiwa bodi yako ina Bootmagic. Njia hii ya pili inafuta na pia inaingiza bodi kwenye hali ya kupakia famuwea, basi usishtuke ikikaa kimya.

Ujenzi wa famuwea unakataa

Ujumbe unaosema LAYOUT inahitaji hoja 48 na umetoa 47 karibu kila mara ni koma iliyosahauliwa. Kama koma zote zipo na hesabu bado ni 47, umetumia `LAYOUT_ortho_4x12` kwenye bodi yenye spesi ndefu. Tumia `LAYOUT_planck_mit`, au kinyume chake. `RESET` isiyotambulika ni jina la zamani, sasa ni `QK_BOOT`. Na famuwea ikizidi ukubwa kwenye chipu ya ATmega32U4, ambayo kwa kawaida inakuachia baiti 28,672, weka `LTO_ENABLE = yes`, kisha zima `CONSOLE_ENABLE`, `COMMAND_ENABLE` na `MOUSEKEY_ENABLE` kama huvihitaji.

Umeme ukikatika katikati ya kupakia, usiogope. Sehemu ya chipu inayopokea famuwea haiguswi na zoezi hilo. Umeme ukirudi, pakia upya.

Kompyuta haioni bodi wakati wa kupakia

Kwanza waya. Nyaya nyingi za dukani ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za data. Ukitumia waya wenye USB-C pande zote mbili na bodi haiwaki kabisa, lakini inawaka kwa waya wa USB-A, bodi haina vipinga vya ohm 5,100 ambavyo USB-C huvihitaji ili itoe umeme. Si mbovu, imebaniwa gharama. Tumia waya wa USB-A uendelee na maisha.

Kwenye Linux, kama inaonekana lakini ruhusa imekataliwa, nakili faili la `50-qmk.rules` kwenye `/etc/udev/rules.d/`. Bodi ndogo za aina ya Pro Micro hukupa sekunde 8 tu baada ya kuziweka upya, kwa hiyo amri ya kupakia iwe tayari kabla ya kubonyeza. Zenye RP2040 ni rahisi kuliko zote: shikilia BOOTSEL, chomeka, diski iitwayo RPI-RP2 inafunguka, buruta faili la UF2.

Herufi moja inatoka mara mbili

Kwa Kiswahili utaiona upesi: "kkazi". Kwa Luganda ni hatari, maana "sente" ikiwa "ssente" utadhani umeandika vizuri, na kweli umeandika vizuri kwa bahati. Pima kwa kitufe chenyewe, kwa kukibonyeza polepole, si kwa maandishi.

Migusano ya swichi inarukaruka. Vumbi letu jekundu la kiangazi lina mkono wake hapo. Ng'oa kofia, puliza, na kama bodi ni ya soketi, badilishana swichi hiyo na jirani yake. Ugonjwa ukihama na swichi, tupa swichi. Ukibaki palepale, ni soketi au bodi. Kwa wakati huo unaweza kupandisha `DEBOUNCE` kutoka 5, ambayo ndiyo ya kawaida, hadi 10. Hutahisi tofauti kwenye vidole. (Na tafadhali, usile rolex, yaani chapati ya mayai, ukiwa juu ya kibodi. Mafuta na vumbi vikikutana hakuna famuwea itakayokusaidia.)

Vitufe vimekufa

Tazama umbo la kifo. Kimoja peke yake: pini ya swichi imepinda chini ya soketi, ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Ng'oa swichi, nyoosha pini kwa kibanio, rudisha kwa kusukuma wima. Kama si pini, angalia dayodi yake, kile kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kwa multimita kwenye hali ya dayodi, upande mmoja usome karibu volti 0.6, ukigeuza usisome hivyo. Kwenye bodi ulizojilehemia mwenyewe, dayodi iliyowekwa kinyume huua kitufe chake tu. Mstari wake mweusi ulinganishe na wa jirani.

Safu nzima, mlalo au wima: njia kutoka safu hiyo hadi chipu imekatika, au mguu wa chipu haukushika risasi. Jihadhari na bodi ambazo mpangilio wake wa umeme haufanani na unaouona. Planck rev6 ina safu mlalo 8 za vitufe 6 kwa hesabu ya chipu, kwa hiyo kukatika kwa mstari mlalo mmoja huua nusu ya safu, si yote. Usianze kuwinda hitilafu sita tofauti.

Ukibonyeza vitufe vitatu na cha nne kikajitokeza chenyewe, kuna dayodi iliyopitisha umeme pande zote.

Mafundi wa simu wa katikati ya mji wanaweza kulehemu haya yote. Mikono yao imezoea vitu vidogo kuliko swichi. Wasichojua ni bodi yenyewe. Ukipeleka, usiseme "kibodi haifanyi kazi". Chora gridi ya 4 kwa 12 kwenye karatasi, tia alama vitufe vilivyokufa, mwoneshe chipu ilipo, na mwombe apime mwendelezo kutoka pini hadi safu kabla hajawasha moto.